Kinyozi Aliyepanda Mlima Ili Mkono Utulie

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumamosi, kinyozi anafungua kufuli la banda lake, lakini hakuna mteja anayemsubiri. Hawashi taa ya kwenye kioo wala hagusi mashine. Anainama, anavuta ndoo iliyo chini ya kiti, anatoa vikombe vya bati na kuvipangusa kimoja kimoja kwa taulo safi, la aina ile ile anayowafunga wateja shingoni siku nyingine. Kisha anavipanga kwenye mkoba pamoja na chupa mbili kubwa za chai.

"Vikombe ni tisa, watu ni wanane," ananiambia bila kugeuka, nami naandika daftarini. "Cha tisa ni cha ziada. Huwezi kujua nani ataamka leo akiwa amechoshwa na mambo yake."

Nje, wenzake wanapiga miayo na kutaniana. Kuna dereva wa lori mwenye sauti inayoamsha mtaa mzima. Kuna muuguzi ambaye ametoka zamu na hajabadilisha viatu vya kazini. Kuna mpishi wa shule, mama wa makamo, aliyevaa raba za mumewe na kujaza nguo kuukuu kwenye vidole ili zisimvuke. Hii ni wiki yake ya tatu ya kupanda nao.

"Mguu wa mume wangu ni mkubwa, lakini akili yake imejaa," anasema mpishi. "Amenipa raba, kaniambia nenda, usirudi bila jasho."

Wanaelekea mlimani. Wengi wao waliwahi kushindwa na pombe, na mmoja na vidonge vya usingizi. Muuguzi hakunywa hata siku moja. Yeye anapanda kwa sababu ya uchovu. "Mimi silewi," anasema, "lakini zamu za usiku zinanilewesha."

Kinyozi ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni mfupi, mpole, na ana tabia ya kukutazama kichwani kabla hajakutazama usoni. Mtaani wanamwita Tetemeko. Jina hilo alipewa na wateja wake mwenyewe, na halikuwa la sifa.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa muda mrefu hakukuwa na mkono mwepesi kama wake. Kwa siku alinyoa vichwa ishirini, mwisho wa mwezi hata thelathini. Watu walisema mkono ule ameurithi kwa baba yake, fundi aliyetengeneza saa za vituo vya reli kwa miaka thelathini na minne.

Pombe iliingia taratibu, kwa mlango wa urafiki. Chupa moja baada ya kazi, mbili siku za mapumziko, kisha siku zote zikawa za mapumziko. Alipofika miaka thelathini na sita, mkono ulikuwa ukiamka kabla yake, ukitetemeka juu ya shuka.

"Nikinywa kidogo asubuhi, unatulia," anasimulia. "Kwa hiyo nikawa nakunywa ili niweze kufanya kazi. Unauona mtego ulivyo? Kilichoniponya ndicho kilichokuwa kinaniua."

Wateja si wajinga. Kutoka ishirini, vichwa vilishuka hadi vinne kwa siku. Wenye vichwa hivyo, kama anavyokiri mwenyewe huku akicheka, wengi walikuwa na vipara na hawakuwa na cha kupoteza.

Lakini mteja mmoja hakuondoka. Baba yake mzazi alikuja kila Alhamisi ya pili, akakaa, akafumba macho na kumwachia mwanawe kichwa. Kila mtu alimwonya. Mzee alijibu kwamba hawezi kumkimbia mtoto aliyemfundisha kutembea.

Miaka mitano iliyopita, Alhamisi moja, mzee alikuja akiwa amevaa shati la kola. Kadi yake ya pensheni ilikuwa inabadilishwa na alitakiwa apige picha mchana ule. Alitaka anyolewe vizuri, kwa wembe, mpaka nyuma ya masikio.

Kinyozi alikuwa amekwisha kunywa. Wembe ulipofika juu ya sikio la kushoto, mkono ukaruka. Zilishonwa nyuzi tatu. Mzee alitoka zahanati akaenda moja kwa moja kupiga picha, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Picha hiyo ipo. Mzee ametazama mbele, kola imenyooka, na juu ya sikio kuna plasta nyeupe kubwa. Kadi ile inatumika miaka mitano, na kila mwezi alipokwenda dirishani kuchukua pensheni yake aliionyesha. Kuna karani aliyekuwa akimuuliza, "Mzee, hiyo ilikuwa vita gani?"

"Nimefungua saa zaidi ya elfu kumi na sijapasua hata kioo kimoja," mzee alimwambia mwanawe siku ile. "Wewe umepewa sikio moja tu, umelipasua. Maji yakimwagika hayazoleki."

Tangu hapo akawa ananyolewa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi mwingine. Ni hatua kumi na nane kutoka kiti kimoja hadi kingine. Najua idadi hiyo kwa sababu kinyozi aliniambia, na aliniambia mara mbili.

Ungedhani aibu ile ingemwachisha pombe. Wapi! Aliendelea kunywa kwa karibu miaka miwili mingine, sasa akiwa na sababu.

Aliyemtoa ni mke wake. Mkewe ni fundi cherehani anayeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na asubuhi moja alimkuta mumewe ameanguka uani, midomo imekauka, anazungumza na mtu ambaye hayupo. Aliacha mashine na pindo halijaisha, akamkodia toroli la kubebea mizigo na kulisukuma pamoja na mwenye toroli hadi zahanati.

"Watu walisimama kutazama," anasema mke. "Niliwaambia, tazameni vizuri, huyu ni mume wangu, simzibi uso. Nilikuwa nalia lakini nilikuwa nasukuma."

Zahanati alilala siku tisa. Hapo ndipo alipokutana na muuguzi, na muuguzi anataka jambo moja liandikwe waziwazi.

"Mlima si dawa," anasema. "Mtu anayekunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, anaweza kufa. Aje kwetu kwanza, tumpe matibabu, tumwangalie. Mlima unakuja baadaye, pale mtu anapotoka hapa akiwa mzima lakini hajui Jumamosi yake aipeleke wapi."

Kinyozi hakujua. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupotea. Muuguzi, ambaye alikuwa akipanda mlima ule peke yake ili alale vizuri, akamwambia amfuate. Kinyozi akajibu kwamba atajizuia mwenyewe nyumbani, hahitaji kusindikizwa kama mgonjwa. Muuguzi akacheka sana.

"Nikamwambia, we baba, kazi yako imekusahaulisha methali yako? Kinyozi hajinyoi."

Mlima wenyewe si mrefu. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na nusu kupanda. Njia inaanza nyuma ya viwanda vya mbao, inapita kwenye mikaratusi, halafu miti inakwisha na kubaki nyasi na mawe hadi juu kwenye mnara wa simu.

Utaratibu wao wa kwanza ni kwamba mzito wa mwendo ndiye anayetangulia, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Leo mtangulizi ni mpishi. Anasimama kila baada ya hatua hamsini, anashika kiuno, anaulaumu mlima na mumewe aliyemtuma, kisha anaendelea. Nyuma yake wanaume wenye mapafu mazima wanasubiri kwa adabu.

"Mwenda pole hajikwai," dereva anampigia kelele kutoka nyuma.

"Ungenyamaza ungekuwa na pumzi ya kunibeba," mpishi anamjibu.

Mazungumzo yanakuja yenyewe. Watu wanaotembea kwa kufuatana hawatazamani usoni, na kinyozi anasema hiyo ndiyo siri. Anaijua kutokana na kiti chake: mteja huongea zaidi akiwa ameinamisha kichwa. Njiani nasikia mambo ambayo nisingeyasikia nikiwa nimekaa na daftari mezani. Mmoja hajaongea na kaka yake kwa mwaka. Mwingine amelala saa sita mfululizo kwa mara ya kwanza tangu aache vidonge, na wenzake wanampigia makofi huku wakipanda.

Juu, upepo ni mkali na mji wote unaonekana mdogo kule chini. Wanakaa kwa mduara. Kinyozi anagawa vikombe vinane, cha tisa anakiacha mkobani. Hapa ndipo palipo na desturi yao ya pili, na hii ni ya kwake mwenyewe, kwa kuwa nani mwingine angeiwaza?

Kila mmoja anamjazia jirani yake chai hadi ukingoni kabisa, kisha anamkabidhi. Lazima kipokelewe kwa mkono mmoja. Mkono ukitetemeka, kila mtu anaona. Hakuna anayecheka. Aliyemwaga anasema amemwaga kiasi gani, na baada ya hapo, akitaka, anasema kwa nini.

"Nilificha mkono wangu miaka minne," kinyozi anaeleza. "Mfukoni, chini ya taulo, nyuma ya mgongo. Unachokificha kinakua. Hapa tunauweka nje."

Mpishi anapokea chake. Chai inamwagika kwenye vidole, kwenye sketi, kwenye raba za mume. Kinabaki nusu. Anakitazama.

"Nusu," anasema. Kisha anaongeza: "Jumanne nilinunua chupa. Niliiweka stoo ya shule, nyuma ya gunia la unga. Sikuifungua. Lakini nilijua iko pale, kila nilipokoroga sufuria nilijua iko pale."

"Bado ipo?" muuguzi anamuuliza.

"Ipo."

"Basi Jumatatu nakuja kuichukua. Usiiguse, hata kuimwaga usiimwage. Unisubiri."

Mpishi anaitikia kwa kichwa na kunywa nusu yake. Wiki ya kwanza, dereva ananinong'oneza, alibaki na matone.

Wakati wa kushuka tunafika njia panda. Kushoto kuna njia ya mkato, dakika ishirini tu hadi barabarani. Kulia kuna njia ndefu inayozunguka mlima. Kwenye ile ya mkato limewekwa jiwe kubwa lililopakwa chokaa, na wote wanaenda kulia bila hata kuulizana. Dereva anasimama hapo kunisimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anapunguza sauti.

Kikundi kilipoanza, ukimwacha muuguzi, walikuwa watatu tu: kinyozi, yeye dereva, na mwalimu mmoja ambaye siku hizi yuko mji mwingine. Walipanda kila Jumamosi kwa miezi minne bila kugusa tone. Mzee, baba wa kinyozi, alikuwa akiuliza habari za mwanawe chinichini. Hatimaye akatuma ujumbe: Jumamosi hii saa sita mchana nitakuja kunyolewa.

Asubuhi ya siku hiyo muuguzi alikuwa zamu, na watatu wale walipanda wakiimba. Walifika juu kabla ya jua kuwaka. Walikumbatiana, wakaambiana kwamba wao sasa ni wazima, wameshinda. Chai ilikuwa imekwisha na makoo yalikuwa makavu. Ili kinyozi awahi, wakashuka kwa njia ya mkato. Njia ya mkato inatokea nyuma ya baa.

"Mlimani hakuna baa, ndugu yangu," anasema dereva. "Tulijilinda kule juu ambako hakuna adui, tukashuka chini tumeacha milango wazi. Mimi ndiye niliyesema moja tu, ya kupongezana. Si yeye. Ni mimi. Hilo uliandike."

Saa sita mzee alifika bandani. Alikikuta kiti kitupu. Alikaa, akasubiri dakika arobaini, akizitazama kwenye saa yake. Mwanawe alipotokea, alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Mzee akasimama, akavuka barabara.

"Lile sikio lilinisamehe," kinyozi anasema ninapomuuliza juu ya siku hiyo. "Zile dakika arobaini hazikunisamehe."

Jumatatu yake alirudi zahanati kwa miguu yake. Tangu siku hiyo ni miaka miwili na miezi tisa, na hajanywa. Tangu siku hiyo pia jiwe la chokaa liko pale, na chupa za chai ni mbili: moja ya juu, na moja ambayo haifunguliwi mpaka watu wote wafike bandani kwake. Hakuna anayerudi mjini na kiu, na hakuna anayerudi peke yake. Wateja wamepanda tena hadi kumi na sita kwa siku. Watu arobaini na mmoja wamewahi kupanda nao, na kinyozi hafichi kwamba kumi na wanne kati yao wamerudi chupani. Wawili amekwenda kuwafuata mwenyewe wiki hii.

Kuteleza si kuanguka, wanasema wahenga. Kinyozi anaikubali methali hiyo, ila anasema wahenga hawakumjua baba yake.

Tunafika bandani saa nne na nusu. Watu wanakaa kwenye mabenchi na kuvua viatu. Kinyozi anafungua chupa ya pili, lakini macho yake yako ng'ambo. Kule, kwenye benchi la kinyozi mwenzake, ameketi mzee wa miaka sabini na sita aliyevaa shati la kola. Mkononi ana bahasha ya kaki.

Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini kinyozi alinitaka nije Jumamosi hii na si nyingine. Kadi ya pensheni inaisha mwezi huu. Leo mzee anakwenda kupiga picha mpya.

"Sijamwomba," kinyozi ananiambia taratibu. "Nikimwomba atakuja kwa huruma. Sitaki."

Ng'ambo, kinyozi jirani anatikisa taulo. "Mzee, zamu yako."

Mzee anasimama. Anatazama kiti kile, anatazama barabara. Kisha anavuka, polepole, akiwapisha waendesha baiskeli wawili. Bandani kwetu dereva anavaa viatu tena.

"Salaam kwenu," anasema mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia mna mchezo wa vikombe."

Kinyozi anatoa kikombe cha tisa mkobani. Anataka kukijaza, lakini mzee anamnyang'anya chupa, anamimina mwenyewe hadi chai inavimba ukingoni, na kumpa.

"Mkono mmoja," anasema. "Nyoosha."

Kisha anavua saa yake ya mkononi, anaishika karibu na macho na kuifuata mishale. Mtu huyu aliishi kwa kusikiliza saa, na sasa anaitumia moja kumpima mwanawe. Muuguzi ameziba mdomo. Mke wa kinyozi, aliyeitwa na mtu kutoka kwenye cherehani yake, amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Ni dakika moja tu. Mimi niliyekuwa nimesimama kando naweza kuapa ilikuwa ndefu kuliko mlima. Mishipa ya mkono wa kinyozi imesimama. Karibu na mwisho, tone moja linateleza pembeni ya bati na kuanguka sakafuni.

"Imetimia," anasema mzee.

"Limemwagika tone, baba."

"Nimeliona. Mimi mwenyewe siku hizi namwaga zaidi ya hilo."

Anapokea kikombe, anakunywa chai yote bila haraka, anakirudisha kitupu. Halafu anakwenda kwenye kiti, anakaa, na kufumba macho.

"Wembe mpya?"

"Mpya, baba. Huu hapa, naufungua mbele yako."

"Sikio la kushoto ulianzie mwisho."

Kicheko kinalipuka bandani, na mke wa kinyozi analia wazi bila kujificha, akijifuta kwa ncha ya tepu. Kinyozi jirani naye amevuka, anaegemea mlango na kutikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya.

"Nimenyang'anywa mteja," anasema. "Basi. Nilikuwa nakutunzia tu."

Kazi ya dakika kumi inachukua ishirini na tano. Kinyozi anaanzia upande wa kulia. Anaponyoosha ngozi nyuma ya sikio la kushoto, ambapo kovu jembamba bado linaonekana, anashusha pumzi, anasubiri, kisha anapitisha wembe. Hakuna damu. Anampaka maji, anamkausha, anamgeuzia kioo cha mkono. Mzee anajitazama upande mmoja, kisha upande mwingine, kisha tena upande wa kushoto.

"Itafaa," anasema, na kwenda kupiga picha yake.

Wenzake wakiwa wanaosha vikombe, namuuliza kinyozi ana mpango gani sasa. Anataka kuanzisha kundi la pili siku ya Jumatano, kwa wanaofanya kazi Jumamosi. Anataka kupata raba za saizi ya mpishi. Anataka ndoo kubwa zaidi, maana vikombe vinaongezeka. Anaorodhesha haya huku akifagia nywele nyeupe za baba yake, na anazifagia taratibu kuliko inavyohitajika.

Kisha anasimama na ufagio mkononi.

"Ile kadi mpya ni ya miaka mitano," anasema. "Ikiisha, baba atakuwa na themanini na moja, na mimi arobaini na minane. Itabidi apige picha nyingine. Mimi sina ndoto kubwa. Nataka aje anikute hapa."